Imondo ni ya Nani? Chakula na Heshima Kakamega

Wenyeji wa Kakamega husimulia kwamba jina la mji wao lilitokana na ugali. Wazungu wa kwanza waliokaribishwa obusuma, yaani ugali, hawakujua kumega tonge wala kulibonyeza kwa kidole gumba lishike mchuzi. Waliudonoa kwa ncha za vidole kama watu wanaofinya, na waliokuwa wakiwatazama wakapata neno la kuwacheka nalo, khukhameka. Ni hadithi ya jikoni, nami naithamini hivyo hivyo, kwa kuwa inaeleza tabia iliyokita mizizi miongoni mwa Waluhya wa hapa, wawe Isukha, Idakho, Batsotso, Kabras au Wanga: mgeni hupimwa kwa mkono wake kabla ya maneno yake. Chakula hushibisha, lakini pia hutangaza nani ni nani.

Hakuna kinachotangaza waziwazi zaidi ya kuku. Wakenya wengine huwatania Waluhya kwa kupenda ingokho, na utani huo umezoeleka hivi kwamba watu husahau sheria iliyo nyuma yake. Kuku alichinjwa kwa ajili ya mgeni, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Firigisi, yaani imondo, ilikuwa ya mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye mwenye nyumba alitaka kumtukuza. Imondo ikikosekana kwenye bakuli, haikuhesabiwa kuwa kipande kidogo cha nyama kilichopotea. Ilihesabiwa kuwa dharau, na mke aliulizwa.

Mke huyo ndiye aliyelea vifaranga, akawafungia usiku wasiliwe na kicheche, akamnyonyoa kuku na kumpika. Yeye mwenyewe hakumla. Wanawake wa Kiluhya walikatazwa kuku na mayai tangu wakiwa wasichana, na katazo hilo lilikuwa bado hai Günter Wagner, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, alipofanya utafiti wake Kavirondo ya Kaskazini, kama eneo hili lilivyoitwa na wakoloni, katika miaka ya 1930. Tunapenda kuusifu mlo wa mababu, na mimi ni mmoja wa wanaousifu. Lakini sifa hiyo haiwi kweli mpaka tukiri kwamba nusu ya watu wa boma walipika harufu ambayo hawakuruhusiwa kuionja.

Waliovunja mwiko huo ni wanawake wenyewe, wakiegemea mlango uliofunguliwa na misheni. Makweka kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Wakatoliki wa Mill Hill wakaanza Mukumu mwaka 1906, na Waanglikana wa CMS wakaweka kituo Butere mwaka 1912. Kwa mwanamke wa Kikristo wa kizazi cha kwanza, kula yai hadharani kulikuwa ungamo la imani sawa na kubatizwa. Alijua kwamba mama mkwe wake anamtazama, na kwamba jirani anangojea balaa limpate. Akala, na jua likachwa kama kawaida. Sioni tendo jingine la mezani katika historia ya eneo hili lililohitaji ujasiri kama huo.

Misheni hizo, hasa za Makweka, zilipiga vita pombe pia. Busaa ya wimbi ilinywewa katika chungu kimoja, wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Penye chungu ndipo mahari ilipozungumzwa na ugomvi wa mipaka ukasuluhishwa. Mkristo aliyeacha busaa aliacha pia kiti chake katika kikao hicho, akalazimika kutafuta kinywaji kingine cha kumpokelea mgeni. Ndivyo chai ya maziwa na sukari ilivyopata heshima iliyo nayo hadi leo, kiasi kwamba mgeni akiondoka bila kunywa chai, mwenyeji huona haya.

Nafaka nayo ilibadilika, tena kwa namna ambayo wengi hawaikumbuki. Zamani neno obusuma halikuhitaji kivumishi. Lilikuwa na maana ya ugali wa wimbi, au wa wimbi na mtama, mweusi na mzito, ambao unga wake ulisagwa juu ya jiwe na mwanamke aliyepiga magoti. Wimbi hukaa ghalani miaka mingi bila kuliwa na wadudu, kwa hiyo ghala la wimbi lilikuwa bima ya familia. Leo ni ugali mweupe wa mahindi usiohitaji maelezo, na ule wa wimbi ndio unaotajwa kwa jina lake lote.

Reli ilifika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Kodi ya nyumba ikawalazimu watu kutafuta fedha, na mahindi yakawa na mnunuzi. Kisha dhahabu ikagunduliwa Kakamega mwaka 1931. Wachimbaji wa Kizungu wakamiminika, na vibarua wa migodini wakawa wanalishwa posho ya unga wa mahindi. Mtaa wa Rosterman bado unaitwa kwa jina la mgodi uliofungwa mwaka 1952. Kijana aliyekula posho mgodini, au katika mashamba ya walowezi, alirudi nyumbani na ulimi uliozoea unga mweupe, na mfukoni ana fedha za kuununua.

Ila sababu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ni ndege. Mtama na wimbi huiva wazi, na ndege hushuka makundi kwa makundi. Kazi ya kuwafukuza ilikuwa ya watoto, tangu alfajiri hadi jioni, kwa majuma. Watoto walipoanza kwenda shule, shamba likakosa walinzi. Hindi limefungwa ndani ya maganda yake, halihitaji mtoto. Tena wimbi hupaliliwa kwa kuinama mchana kutwa, ukitenganisha mmea na gugu linalofanana nao. Mama aliyebaki peke yake, mume yuko kazini mbali na watoto wako darasani, alichagua mahindi kwa akili timamu. Vinu vilipoenea, kwanza vya maji na baadaye vya dizeli, jiwe la kusagia likapumzika. Mbegu chotara zilizotoka Kitale mwaka 1964 zilikamilisha kazi iliyokwisha kuanza.

Mboga zina kisa kinachouma zaidi, kwa kuwa hizo hazikushindwa shambani. Zilishindwa kwa aibu. Mpishi wa Kakamega alijua kwamba mboga haipikwi peke yake. Mrenda huteleza, kwa hiyo huchanganywa na likhubi, majani ya kunde, ambayo ni makavu kidogo. Saga na mitoo zina uchungu, kwa hiyo hutiwa maziwa na kuachwa zilale, kesho yake zipashwe tena, keshokutwa tena, mpaka uchungu uwe ladha. Lisutsa, yaani managu, lina namna yake. Kilichoziunganisha zote ni omusherekha: maji yaliyochujwa polepole kupitia jivu la maganda ya maharagwe au ya ndizi yaliyokaushwa na kuchomwa. Omusherekha hulainisha majani magumu na kuyapa ladha ambayo magadi ya dukani hayaifikii. Juu ya hayo palikuwa na uyoga wa msituni, na tsiswa, kumbikumbi waliokusanywa mvua ikianza, watoto wakipiga vijiti juu ya kichuguu ili wadudu wadhani mvua imenyesha.

Shule za bweni zilikuwa na sufuria kubwa, mahindi na maharagwe, kabichi, na baadaye sukuma wiki, inayochipua upya kila ikichumwa na kupikwa haraka. Mwanafunzi alirudi likizo akiiona mitoo kuwa chakula cha bibi, na bibi kuwa mtu wa zamani. Hakuna aliyetunga sheria ya kukataza likhubi. Ilitosha kwamba waliofaulu hawakuonekana wakilila.

Miwa ikaja juu ya aibu hiyo. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, na upande wa magharibi wa Kakamega ukageuka kijani kimoja. Muwa huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kukomaa. Familia iliyopanda miwa hadi mlangoni ilipata fedha kwa mkupuo, mara nyingi mkononi mwa baba, huku bustani ya mboga, iliyokuwa mkononi mwa mama, ikipotea. Mahindi yakawa ya kununua katika eneo linalopata mvua nyingi kuliko karibu zote nchini.

Jitihada za kurudisha heshima ya mboga zimetoka pande kadhaa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, mzaliwa wa magharibi ya Kenya aliyelelewa kwa mboga hizi kwa kuwa mwili wake haukupatana na nyama wala mayai, ameshughulikia mbegu na lishe ya mboga hizo tangu miaka ya 1990. Na mwaka 2009 UNESCO, Idara ya Utamaduni na wataalamu, akiwemo Patrick Maundu wa Makavazi ya Kitaifa, walianzisha mradi wa kuorodhesha vyakula vya jamii mbili: Wapokot wa Mashariki na Waisukha wa Kakamega. Desemba 2021 kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vyake vya asili iliingizwa katika rejista ya UNESCO ya mifano bora.

Kilichonigusa katika mradi huo ni wale waliopewa kazi ya kuuliza. Wanafunzi wa shule za msingi ndio waliotumwa kwa wazee kukusanya majina ya mimea na namna ya kuipika. Shule, ambayo iliwaondoa watoto katika ulinzi wa mtama na kuwafundisha kuionea haya mitoo, iliwarudisha jikoni wakiwa na daftari.

Imondo bado ina kesi. Wanawake wa Kakamega sasa hula kuku na mayai bila kuulizwa, lakini katika nyumba nyingi, mgeni mwanamume akifika, firigisi huelekezwa upande wake bila neno kusemwa. Siku hizi mabinti wengine huiweka kwenye sahani ya mama yao aliyepika. Mama hutazama pembeni kwanza, kisha anaila.