Kivuli cha Fuso

Mwezi uliopita afisa mmoja wa shirika alipita kwenye kibanda chetu cha vijana, akakuta malori yamepangwa mezani. Malori madogo ya makopo, ya waya, ya mbao za maboksi. Akauliza kwa upole kabisa: "Hivi vya kuchezea tuviandike chini ya mradi gani?" Nikamwambia andika historia. Akacheka, na mimi nikacheka, akaenda zake. Lakini sikuwa natania, na kwa vile kwenye fomu yake hakukuwa na nafasi, naandika hapa.

Kupuliza rangi nilijifunzia Jinja. Nilikuwa nimemaliza Senior Four, ada ya kuendelea haikuwepo, mjomba akasema njoo, kuna gereji jirani na ninapokaa. Miezi miwili ya kwanza sikushika bunduki ya rangi hata mara moja. Msasa na maji tu, maji na msasa. Siku niliyopewa, nikamwaga rangi kwenye mlango wa taksi ya mtu mpaka ikatiririka kama machozi. Fundi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kijana, hiyo ni rangi au ni uji?" Halafu akanionyesha: rangi ichanganywe na thina mpaka iwe nyepesi kama maziwa, mkono uanze kutembea kabla rangi haijatoka, na usisimame mpaka rangi ikatike. Tabaka tano nyembamba zinashinda moja nene.

Kazi ile haiendi bila umeme, na umeme wa Jinja una historia yake. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua Aprili 1954. Likavuta viwanda: Nytil ya nguo, mtambo wa kuyeyusha shaba iliyotoka Kilembe, na vingine. Umeme ukikatika, kompresa inakuwa pipa tupu na mafundi wote wanakaa nje kunywa chai.

Siku moja ya kukatika hivyo fundi alinituma Main Street saa sita mchana, eti nikaangalie nyumba. Nikadhani ananifukuza. Baadhi ya nyumba za zamani pale zilijengwa na Wahindi, na juu ya mlango au karibu na paa wameandika jina na mwaka kwa herufi za saruji zilizotokeza kidogo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Wakaondoka, nyumba zikabaki, zikabadilisha wenyewe na rangi. Wengine walipaka ukuta na herufi rangi ile ile moja, bila kujali. Lakini jua likiwa juu, chini ya kila herufi kunakuwa na mstari mwembamba wa kivuli, na jina linasomeka lote. Niliporudi fundi akauliza, "Umeona nini?" Nikasema nimeona majina. "Umeona kivuli," akasema. "Majina umeyasoma tu."

Sasa tuje kwenye vigari. Fuso la kweli la mita 8, ukilifanya dogo mara ishirini, linakuwa sentimita 40. Jua linaloliangaza ni lile lile. Lakini ufa wa mlango, ambao kwenye lori lenyewe unaingiza ncha ya kidole, kwenye kigari hauingizi hata wembe vizuri, na kivuli chake nacho kinapotea. Ndiyo maana kigari cha rangi moja kinaonekana kopo lililopakwa rangi. Inabidi kivuli kilichopotea ukirudishe wewe kwa mkono.

Sisi tunaanza na nyeusi kila mahali. Ikikauka, unapuliza rangi ya gari kutoka juu, mkono umeinama kama jua la saa nne, nyeusi unaiacha kwenye nyufa, chini ya chasisi, nyuma ya magurudumu. Halafu unatia tone la nyeupe kwenye ile ile rangi, unagusa paa na juu ya boneti peke yake. Mchoraji mmoja wa Marekani, Abbott Thayer, aliandika mwaka 1896 kwamba wanyama wengi wamepakwa kinyume: mgongo mweusi zaidi, tumbo jeupe, ili kivuli cha tumboni kifutike na mnyama asionekane. Mtazame swala. Yeye anajificha, sisi tunataka lori lionekane, kwa hiyo tunampindua swala.

Mbale nilikaa muda mfupi kuliko Jinja, kwa mchora vibao vya maduka, na pale mwalimu alikuwa mlima. Mwamba wa Wanale uko mashariki, umesimama juu ya mji. Asubuhi jua linatokea nyuma yake, mwamba ni ukuta mmoja wa bluu bapa, huoni kitu. Jioni jua likiupiga usoni kutoka magharibi, kila ufa unafunguka, kila ukingo unawaka. Mlima ule ule! Yule mchora vibao, kabla ya kutia kivuli kwenye herufi, alikuwa anamuuliza mwenye duka: "Mulembe, mzee. Jua lako litoke wapi?" Watu walidhani ni utani. Lakini kibao ambacho herufi moja ina kivuli kushoto na nyingine kulia kinaumiza jicho, hata la mtu asiyejua kwa nini.

Chombo chenyewe kimepita mikono mingi. Kupuliza rangi kwa mdomo ni kitu cha kale sana: katika mapango ya Sulawesi, Indonesia, kuna alama za mikono zilizopulizwa hivyo karibu miaka 40,000 iliyopita. Brashi ya hewa ilizaliwa Marekani. Francis Stanley alipata hataza ya kipulizio cha rangi mwaka 1876, miaka mingi kabla yeye na pacha wake hawajatengeneza magari ya mvuke. Mwaka 1879 Abner Peeler wa Iowa akatengeneza chake, hewa akiisukuma kwa mkono. Kazi kubwa ya brashi hizi mwanzoni ilikuwa kurekebisha picha za studio, kulainisha mashavu ya watu. Charles Burdick ndiye, mwaka 1893, aliyeleta ile tunayoitumia hadi leo: kitufe kimoja, ukibonyeza inatoka hewa, ukivuta nyuma inatoka rangi.

Bunduki kubwa ya gereji ina ukoo mwingine. Daktari DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alitengeneza kipulizio cha kutia dawa kooni kwa wagonjwa. Mtoto wake ndiye aliyekigeuza kuwa cha rangi, mwanzoni mwa karne ya 20. Miaka ya 1920 ikaja rangi ya Duco inayokauka haraka, na gari lililokuwa linachukua wiki kadhaa kupakwa kwa brashi likawa linamalizika kwa siku chache.

Chombo kilichoanza kwa kutibu koo leo kinajaza vifua vya mafundi. Yule fundi wangu wa Jinja alikuwa anakohoa kila asubuhi, na mask yake ilikuwa kitambaa. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa: barakoa zilizobaki tangu wakati wa korona zinaweza kupunguza vumbi la rangi tu, na mvuke wa thina zinaupitisha. Kwa hiyo na watoto natumia rangi ya maji peke yake, na tunapulizia nje.

Halafu yuko Nicholas Kove. Yeye ndiye hasa niliyekuwa namfikiria nilipomwambia afisa historia. Alikuwa Myahudi wa Hungaria aliyefika Uingereza wakati Ulaya inaelekea kuwaka moto, na mwaka 1939 akaanzisha kampuni London akaiita Airfix. Mwanzo ilikuwa vitu vya mpira vya kujaza hewa, baadaye vitana. Mwaka 1949 wakatengeneza trekta dogo la Ferguson kwa ajili ya wauza matrekta, na mwaka 1952 meli ya kuunganisha nyumbani, ya bei ndogo. Mamilioni ya watoto wa Uingereza walikua wakigandisha ndege na meli za kampuni iliyoanzishwa na mtu aliyekimbia kwao. Sijui naye aliulizwa hivyo vya kuchezea ni vya mradi gani.

Sisi kompresa hatuna, sola ya kibandani haiwezi kuibeba. Brashi niliinunua Kampala kwa akiba yangu, ya Kichina. Hewa tunatoa kwenye tairi la akiba tunalojaza kwa pampu ya baiskeli, kama Peeler tu. Tairi moja linatosha kigari kimoja, watoto wanapokezana kupampu.

Kuna kijana wa miaka 14 ametengeneza Fuso lililowatoa Nyakabande kuwaleta huku. Turubai ameshona mwenyewe kwa gunia. Nikamwambia haya, paa sasa, tia nyeupe kidogo juu. Akakataa. Nikamweleza tena habari ya jua, nikidhani hakuelewa.

"Siku ile hakukuwa na jua, yaya. Kulikuwa na mvua toka tulipopanda."

Nikanyamaza, maana mimi ndiye niliyewafundisha kuuliza mwanga unatoka wapi. Tukakaa chini tukafikiria mvua inafanyaje. Wingu linamwaga mwanga pande zote, kwa hiyo ukingo mkali hakuna, nyeusi na nyeupe zinasogeleana. Rangi iliyolowa inakuwa nzito zaidi kuliko iliyokauka. Chini kuna matope. Akachanganya kahawia na maji mengi, akapuliza kwa mbali kuanzia kwenye magurudumu kwenda nyuma, inayofifia, mpaka usawa wa mlango. Ndani ya turubai aliacha nyeusi tupu.

Tairi likaisha hewa kabla hajafika upande wa pili. Jumatano tunaendelea.