Pombe ya Kisesa Haijawahi Kuwa na Ladha Moja

Kaa kwenye benchi la kilabu chochote cha Kisesa, kilomita kama 20 mashariki ya jiji la Mwanza kwenye barabara ya Musoma, na lawama hii haitachelewa kukufikia: vijana wa leo hawajui pombe. Wanakunywa bia ya limau, bia ya tofaa, vinywaji vya rangi vinavyonukia pipi. Binafsi bia ya limau sina hamu nayo, kwa hiyo mlalamikaji namwelewa. Ila lawama yake inachukulia kwamba zamani palikuwa na pombe moja ya asili, yenye ladha moja, iliyorithiwa bila kuguswa mpaka viwanda vilipokuja kuichafua. Pombe hiyo haijawahi kuwapo.

Tuianze hiyo ya zamani yenyewe. Wasukuma huiita bwalwa, na nafaka yake ilikuwa mtama au uwele, pamoja na ulezi pale ulipopatikana. Mama huloweka nafaka siku nzima au zaidi, akaichuja, akaitandaza kwenye gunia bichi na kuifunika. Kila asubuhi na jioni huinyunyizia maji. Baada ya siku tatu au nne vimizizi vyeupe vimeshikana, na gunia likifunuliwa hutoka harufu ya tango bichi. Hapo huianika juani mpaka ikauke kabisa, ndipo ikasagwe. Hicho ndicho kimea, na kazi yote iliyobaki inakitegemea. Unga usiochipuka hupikwa uji mzito katika chungu kikubwa, hupozwa, kisha kimea hutiwa. Uji uliokuwa mzito wa kushika mwiko hulegea mbele ya macho, maana vimeng'enya vya kimea vinaugeuza wanga kuwa sukari. Bakteria, jamii ileile inayogandisha maziwa kwenye kibuyu, huleta uchachu. Hamira ya mwituni, iliyojificha kwenye nyufa za chungu tangu mapishi yaliyopita, huila sukari na kutoa kileo na mapovu.

Usiku wa pili chungu kinanguruma. Siku ya tatu ni ya kunywa, na kileo chake kwa kawaida ni kati ya asilimia 2 na 4. Mnywaji wa kwanza anaikuta bado na utamu, wa jioni anaikuta kali, na wa kesho kutwa anaikuta siki. Chungu kimoja, ladha tatu. Hapo hatujagusa aina ya nafaka. Mtama mwekundu una uchungu unaowakinaisha hata kwelea-kwelea, na ndiyo sababu wapishi wengi waliutenga kwa pombe wakaacha mweupe uende kwenye ugali. Mwaka wa ukame mtama ukikosekana, uwele ulishika nafasi. Hakuna aliyeuita usaliti.

Wageni wa kwanza walioandika habari za nchi hii waliikuta pombe kila mahali. Richard Burton, katika kitabu chake cha safari kilichotoka 1860, alieleza jinsi ilivyopikwa katika njia yote ya misafara. Mwenzake John Hanning Speke ndiye aliyefika mahali pa Mwanza ya leo na kuliona ziwa, tarehe 3 Agosti 1858. Miaka 17 baadaye Henry Morton Stanley alipiga kambi Kageye, kijiji cha ufukweni kilichomo sasa katika wilaya ya Magu, wilaya moja na Kisesa, akaunganisha vipande vya mashua yake, Lady Alice, kabla ya kulizunguka ziwa. Mwenyeji wake, Kaduma, ameingia kwenye maandishi ya Stanley kama mtu mwema aliyependa pombe kupita kiasi. Tukumbuke tu kwamba mwandishi huyo alikuwa akila na kunywa kwa huyo anayemsengenya. Na kiongozi kuwa na pombe nyumbani haikuwa ulevi tu: chungu kilichojaa ndicho kilichomwezesha kupokea wageni, kusuluhisha kesi na kuita watu shambani.

Hapo shambani ndipo pombe ya Usukuma ilipofanya kazi kubwa. Vikundi vya vijana vilivyoitwa elika vililima kwa zamu, majembe yakienda sawa na ngoma ya bugobogobo, na aliyelimiwa aliwalipa nyama na bwalwa. Mzimu nao ulikuwa na haki yake, pombe ikimwagwa chini wakati wa tambiko. Baada ya mavuno ulikuja msimu wa mashindano ya ngoma, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, na hadi leo Kisesa hujaa watu mwezi Juni kwa sherehe za Bulabo, ambazo Kanisa Katoliki lilizifungamanisha na sikukuu ya Ekaristi. Aliyeipa Bujora ya hapa Kisesa sifa katika mambo hayo ni Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliyeanza katika miaka ya 1950 kukusanya vifaa na mila za Wasukuma, kazi iliyozaa makumbusho tunayoyaona leo kilimani.

Zunguka ziwa uone wingi wa ladha. Kagera, ndizi mbivu hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, mtama uliokaangwa huongezwa, na kesho yake ni rubisi. Wateso wa Uganda na Kenya huketi kuzunguka chungu cha ajon, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakiongeza maji ya moto kadiri pombe inavyopungua. Kusini, kutoka Unyamwezi penye asali, ilikuja wanzuki. Mbali zaidi, Wachagga waliitia mbege gome la msesewe ili uchungu ukate utamu wa ndizi, kazi ileile Mzungu anayoipa mmea wa hopsi. Mahindi nayo, mgeni kutoka Amerika aliyepitia pwani, yaliingia kwenye chungu cha Usukuma bila kuulizwa kabila. Mzee anayeisifu leo pombe ya mahindi kuwa ni ya mababu anasifu ladha ambayo babu wa babu yake angeionja kwa mashaka.

Ulaya nako mambo hayakutofautiana. Bia ya njano iliyo safi kama kioo, ile tunayodhani ndiyo bia hasa, ilianza mwaka 1842 katika mji wa Plzen, Bohemia, na mtengenezaji wake Josef Groll alikuwa Mjerumani kutoka Bavaria. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya Ulaya ilikunywa bia nzito na ya giza. Amri ya Bavaria ya 1516, inayotajwa sana kama ulinzi wa asili, iliruhusu shayiri, hopsi na maji tu, na moja ya sababu zake ilikuwa kuiacha ngano kwa waoka mikate. Yaani hata huko asili ilipangwa na bei ya nafaka.

Wajerumani walipoitawala nchi hii walikuja na kiu yao, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Mjerumani mmoja tayari alikuwa na kiwanda cha bia Dar es Salaam. Bia hiyo haikuwa ya Mwafrika. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umebana biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na Waingereza walipochukua Tanganyika waliendeleza ubaguzi wa chupa: mwenyeji alikuwa na pombe yake, Mzungu alikuwa na bia yake. Mwaka 1933 Tanganyika Breweries ilianza Dar es Salaam, na baada ya muda mfupi ikaunganishwa na kampuni ya Kenya kuwa East African Breweries. Ni baada ya Vita Kuu ya Pili tu ndipo mlango wa chupa ulipofunguliwa kwa Waafrika.

Katika miji, pombe ya kienyeji iliwekwa kwenye vilabu vyenye leseni, penye saa za kufungua na ushuru wa kulipwa. Hapo ndipo badiliko kubwa lilipotokea, na ladha haikuhusika. Bwalwa iliyokuwa malipo ya jembe na sadaka ya mizimu ikawa bidhaa ya kopo. Mwanamke aliyekuwa akipika kwa ajili ya shamba la mumewe akaanza kupika kwa ajili ya ada ya shule, na fedha ikabaki mkononi mwake. Pamba ilichochea mambo. Katika miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake waliwaunganisha wakulima wa Kanda ya Ziwa, na shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, lilianzishwa mwaka 1955. Mkulima aliyelipwa pamba alitaka kuonekana amelipwa, na chupa mezani ilionekana kuliko kibuyu.

Serikali huru ilirithi mashaka ya mkoloni juu ya pombe ya kienyeji. Sheria ya 1966 ililenga gongo, inayoitwa pia moshi na piwa, na ile ya 1968 ikapanga leseni na saa za vilabu. Kiwanda cha bia nacho kiliingia mikononi mwa umma baada ya Azimio la Arusha. Safari Lager ilianza 1977, na waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 wanakumbuka kreti zilivyotafutwa kwa kujuana. Kilabu hakikujua uhaba huo. Kiliendelea kuuza, na sijui kwa nini historia ya bia ya nchi hii huandikwa kana kwamba miaka hiyo watu walikunywa maji.

Ubinafsishaji wa kiwanda hicho cha umma, Tanzania Breweries (TBL), mwaka 1993 ulimleta mwekezaji wa Afrika Kusini, na Serengeti Premium Lager ikafuata mwaka 1996 kama mshindani. Leo kampuni zote mbili zina viwanda Mwanza. Kampuni ziligundua upesi kwamba Kanda ya Ziwa haiuziwi bia kwa Kiingereza. Balimi, wakulima, ikapewa mbio za mitumbwi ziwani. Eagle, iliyoanzia Uganda mwaka 2002, ililetwa kwa mtama badala ya shayiri. Darbrew, waliouza Kibuku, walitoa pombe ya nafaka kwa jina la Nzagamba, dume la ng'ombe kwa Kisukuma. Ushuru ulisaidia: bia ya nafaka za nchini zisizotiwa kimea ilipewa tozo nafuu. Mkulima wa mtama alinufaika, hilo halina ubishi. Lakini angalia lililoachwa nje. Nafaka ya kijiji iliingia kiwandani na jina la kijiji likapanda kwenye lebo, ila kimea, ujuzi wa mama na gunia lake bichi, hakikuwa na nafasi.

Ladha za kisasa zilifuata njia hiyohiyo. Redd's, yenye tofaa, ilipata kudhamini Miss Tanzania, na ujumbe wake ulikuwa wazi: kinywaji cha msichana wa mjini. Baadaye zikaja za limau, Flying Fish na Serengeti Lemon. Katikati ya hapo viroba vya pombe kali viliwapitia vijana wengi kabla serikali haijavipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Ukipima madhara, limau ni mtoto mdogo mbele ya kiroba.

Viwanda vidogo vya bia, vile vya mapipa machache na mwenyewe anayeonja kila pipa, vimefika Afrika Mashariki lakini bado havijashuka vijijini: Crafty Dee's Dar es Salaam, 254 Brewing Company Nairobi, Kweza Kigali iliyoanzishwa na wanawake. Duniani wenye viwanda vya namna hiyo wanashindana kutia maembe, pasheni, ukwaju, rosela na kahawa. Jambo linalonichekesha zaidi ni bia chachu, inayotengenezwa kwa kufuga bakteria haohao wa maziwa kwenye birika, ikauzwa ghali kwa watu wanaoisifu kwa ukali wake mtamu na ukungu wake kwenye glasi. Mama wa Kisesa amekuwa akiiuza kwa lita, kwenye jagi la plastiki, na afisa afya akimwambia ni chafu. Afisa huyo wakati mwingine ana haki, maji na vyombo vina mambo yake. Hata hivyo tofauti ya bei haielezwi na usafi peke yake.

Kama kuna kitu cha kukililia basi ni kimea. Sukari na hamira ya dukani vinatoa kileo kwa usiku mmoja, wakati kimea kinadai wiki nzima, jua la uhakika na uwanja wa kuanikia. Na uwanja Kisesa unapungua: mji umeifuata hadi mlangoni, barabara ya mchepuko kutoka Usagara inaishia hapa, na penye viwanja vya kuanikia sasa kuna fremu za maduka. Wanzuki ya leo mara nyingi ina sukari kuliko asali. Kinywaji kinabaki na jina lake la kienyeji, kinanyweka palepale kwenye benchi, na hakuna anayekilalamikia kama anavyolalamikia limau.

Atakayefungua kiwanda kidogo Mwanza akitaka kuuza kitu ambacho Plzen hawana, hatakosa maembe wala ukwaju. Atakachokosa ni mtu anayejua mtama upi wa Magu unachipua sawasawa na upi unaoza ndani ya gunia, na ni asubuhi ipi kimea kitolewe juani kabla hakijachacha. Watu hao wapo, wengi wao ni wanawake wenye wajukuu, na hadi sasa soko linawalipa kwa bei ya jagi.