Walipima Transista ya Marekani Wakiwa Mlimani

Kabla simu janja hazijajaa mjini, kuna watu walishasoma elektroniki mtandaoni. Mwaka 1998 profesa mmoja wa MIT, Marekani, aliunganisha mashine ya kupimia transista na intaneti. Mwanafunzi anabofya akiwa bwenini, vipimo vya kweli vinarudi.

Miaka ya 2000 mradi ukafika Mlimani, Dar, pamoja na Makerere na Obafemi Awolowo, Nigeria. Shida? Intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na inaenda kinyonga. Mkongo wa SEACOM ulikuja 2009. Wahandisi wa hapa hawakukaa kusubiri, wakajenga maabara zao.

Leo dogo wa Nyakitonto, Kasulu, akiwa na bando anachora saketi kwenye simu na kuijaribu. Ila simu inaigiza tu. Wale walipima transista yenyewe.