Historia ya Mjadala wa Bangi: Swali la Usalama na Swali la Uhalali, kutoka Tume ya India ya 1893 hadi Maziwa Makuu ya Leo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mjadala kuhusu usalama na uhalalishaji wa bangi kwa kufuata njia iliyotoka India na Geneva hadi kwenye sheria za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu. Hoja kuu ni kwamba maswali mawili tofauti, yaani iwapo bangi ni salama na iwapo iruhusiwe, yamekuwa yakijibiwa kana kwamba ni swali moja. Katika eneo hili mmea huu ulipigwa marufuku kwa misukumo iliyotoka nje, na sasa unaanza kuruhusiwa kwa mvuto wa soko la nje. Katika nyakati zote mbili, afya ya mtumiaji wa hapa haikuwa kiini cha uamuzi.

1. Utangulizi

Neno bangi liliingia katika Kiswahili kupitia mawasiliano ya Bahari ya Hindi. Nchini India, mmea huu una majina matatu yanayotofautisha mazao yake. Bhang ni majani, ambayo aghalabu husagwa na kunywewa pamoja na maziwa wakati wa sherehe. Ganja ni maua yanayovutwa. Na charas ni utomvu wenye nguvu kupita vyote. Kiswahili kilichukua jina la zao lililo hafifu zaidi na kulipa mmea mzima, hata maua yake yanayovutwa. Tofauti zilizokuwa wazi kwa Wahindi zikapotea katika ukopaji huo.

Hata hivyo, bara lilikuwa na historia yake. Viko vilivyofukuliwa katika pango la Lalibela nchini Ethiopia, vikiwa na mabaki ya bangi, vimekadiriwa kuwa vya karne ya 14. Majina ya kienyeji nayo ni mengi: urumogi kwa Wanyarwanda na Warundi, enjaga kwa Waganda, chamba kwa watu wa Malawi na diamba kwa Waluba. Wingi huu unaonyesha kwamba mmea ulikuwa umeenea na kupewa nafasi mbalimbali katika jamii kabla ya sheria za kikoloni.

2. Bangi kabla ya sheria: mfano wa Kasai

Mfano ulio bayana zaidi unatoka Kasai, katika Kongo ya leo. Kalamba Mukenge, mtawala miongoni mwa Walulua, aliongoza vuguvugu lililojulikana kama Bena Diamba, yaani watu wa bangi. Wasafiri wa Kijerumani Paul Pogge na Hermann von Wissmann, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, walifika huko mwaka 1881. Waliikuta bangi ikivutwa kwa pamoja kama alama ya undugu na amani, huku baadhi ya imani za kale zikiwekwa kando.

Si Walulua wote waliokubali utaratibu huo mpya, na vuguvugu lilikabiliwa na upinzani. Jambo hili lina uzito katika mjadala wa leo. Linakanusha dai kwamba Waafrika waliivuta bangi bila kujiuliza chochote, na pia dai kwamba mmea huu ulikubaliwa na wote hadi mkoloni alipoukataza. Mabishano yalikuwapo, na yalihusu utawala, imani na mwenendo wa jamii.

3. Tume ya India, 1893–1894

Uchunguzi mpana zaidi wa karne ya 19 ulifanyika India. Mwaka 1893, kufuatia swali lililoulizwa katika Bunge la Uingereza, serikali ya India iliunda tume ya wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa Wahindi, chini ya uenyekiti wa W. Mackworth Young. Tume ilikusanya ushahidi wa watu wapatao 1,200, wakiwamo madaktari, maofisa wa kodi, wakulima na viongozi wa dini.

Sehemu ya ripoti yenye mafunzo makubwa zaidi inahusu hospitali za wagonjwa wa akili. Kumbukumbu za hospitali hizo zilionyesha wagonjwa wengi ambao ugonjwa wao ulihusishwa na bangi. Tume ilipozipitia kumbukumbu za mwaka 1892, mgonjwa mmoja mmoja, ilibaini kwamba mara nyingi chanzo hicho kiliandikwa kwa mazoea tu, bila uthibitisho. Kesi zilizobaki baada ya uchunguzi zilikuwa chini ya nusu ya zile zilizodaiwa awali.

Ripoti ya mwaka 1894 ilihitimisha kwamba matumizi ya kiasi hayakuwa na madhara ya kutajika kwa walio wengi, ilhali matumizi ya kupindukia yaliweza kudhuru mwili na akili, hasa kwa mtu mwenye udhaifu wa awali. Haikupendekeza marufuku, bali udhibiti kwa njia ya leseni na kodi. Ni kweli kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa na masilahi katika kodi hiyo, na msomaji hana budi kulizingatia hilo. Pamoja na dosari hiyo, tume ilifanya jambo moja adimu: ilitenganisha swali la madhara na swali la sheria, ikalijibu la kwanza kabla ya kuligusa la pili.

4. Geneva 1925 na New York 1961

Mpangilio huo haukufuatwa baadaye. Mwaka 1923 serikali ya Afrika Kusini, ambayo ilikuwa imekwisha kupiga marufuku dagga, iliuomba uongozi wa Shirikisho la Mataifa uihesabu miongoni mwa dawa hatari za kudhibitiwa kimataifa. Katika mkutano wa Geneva wa 1924–1925, ulioitishwa kwa ajili ya afyuni na kokeini, mjumbe wa Misri Mohamed El Guindy alidai kwamba hashishi ilikuwa chanzo cha sehemu kubwa ya wendawazimu nchini mwake. Dai hilo lilikuwa la aina ileile ambayo tume ya India ilikuwa imelipima miaka 30 kabla na kulikuta na walakini. Hata hivyo, ripoti ya 1894 haikuwa msingi wa uamuzi. Bangi ikaingizwa katika mkataba wa Februari 1925, Uingereza ikauingiza katika sheria zake, na makoloni yakafuata mkondo huo. Nchini Kenya, Sheria ya Dawa za Hatari iliyorithiwa kutoka zama hizo ilidumu hadi mwaka 1994.

Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya ulipitishwa New York mwezi Machi 1961. Wakati huo Tanganyika, Uganda na Kenya zilikuwa bado chini ya Uingereza, na Rwanda na Burundi chini ya Ubelgiji. Mkataba uliiweka bangi katika jedwali la dawa zenye udhibiti mkali kabisa na kutaka matumizi yake yasiyo ya tiba yakomeshwe ndani ya miaka 25. Lakini majani yasiyoambatana na maua yaliachwa nje ya tafsiri ya bangi, jambo lililolinda desturi ya India. Sheria ya India ya mwaka 1985 imeihifadhi tofauti hiyo, na hadi leo yapo majimbo, kama Uttar Pradesh, ambako bhang huuzwa katika maduka yenye leseni. Hivyo nchi iliyotupatia neno ilijihifadhia nafasi, na nchi zilizolikopa zikarithi marufuku nzima.

5. Sayansi iliyofika baada ya sheria

Miaka mitatu baada ya mkataba huo, yaani mwaka 1964, Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni wa Israeli waliitenga na kuieleza THC, kemikali kuu inayolevya katika bangi. Kwa maneno mengine, dunia iliuhukumu mmea kabla ya kujua barabara kilichomo ndani yake.

Maarifa yaliyofuata hayaungi mkono kikamilifu upande wowote wa mjadala. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 kuhusu vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini Sweden uligundua kwamba waliokuwa wametumia bangi zaidi ya mara 50 walikuwa na uwezekano wa kupata skizofrenia mara sita ya wasiotumia. Watumiaji wengi hawakuugua, na uhusiano peke yake si uthibitisho wa chanzo; lakini matokeo hayo hayawezi kupuuzwa. Ripoti ya Akademia za Kitaifa za Marekani ya mwaka 2017 ilikuta ushahidi mzito wa manufaa katika maumivu sugu ya watu wazima na kichefuchefu kitokanacho na tiba ya saratani. Ripoti hiyohiyo ilikuta ushahidi mzito wa uhusiano kati ya bangi na ugonjwa wa akili, ajali za barabarani na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Aidha, bangi yenyewe imebadilika. Wastani wa THC katika bangi iliyokamatwa Marekani ulipanda kutoka takriban asilimia 4 mwaka 1995 hadi takriban asilimia 12 mwaka 2014. Kwa hiyo hata hitimisho la tume ya India kuhusu matumizi ya kiasi haliwezi kuhamishwa jinsi lilivyo hadi kwa kijana wa leo.

6. Mlango unapofunguliwa

Tarehe 2 Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika jedwali la udhibiti mkali kabisa kwa kura 27 dhidi ya 25. Afrika iligawanyika: Morocco na Afrika Kusini ziliunga mkono, Kenya na Nigeria zikapinga. Wakati huo Lesotho ilikuwa imekwisha kutoa leseni za kilimo cha bangi ya tiba tangu 2017. Rwanda nayo iliidhinisha kilimo kwa ajili ya kuuza nje mwezi Oktoba 2020, na agizo la utekelezaji likatoka Juni 2021. Matumizi ya kujiburudisha nchini yakabaki kuwa kosa.

Kwingineko hali ni tofauti. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha miaka 10 hata kwa bangi ya matumizi binafsi. Mbunge Ken Okoth alitayarisha muswada wa kulegeza masharti mwaka 2018, lakini alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 2022 mgombea urais George Wajackoyah aliinadi bangi kama njia ya kulipa deni la taifa. Alipata chini ya asilimia moja ya kura. Nchini Uganda, Mahakama ya Katiba iliibatilisha sheria ya dawa za kulevya mwezi Mei 2023, si kwa sababu bangi ilionekana kuwa salama, bali kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia wakati wa kuipitisha. Bunge likapitisha muswada mwingine mwaka huohuo. Tanzania imeendelea na marufuku chini ya sheria ya mwaka 2015.

Afrika Kusini inatoa funzo la pekee. Mahakama yake ya Katiba ilimkatalia Garreth Prince, Mrastafari, kwa kura tano dhidi ya nne mwaka 2002. Septemba 2018 mahakama hiyohiyo iliruhusu mtu mzima kutumia na kupanda bangi faraghani. Msingi wa uamuzi wa pili ulikuwa haki ya faragha. Mahakama haikutangaza kwamba bangi haina madhara. Ilisema kwamba madhara hayo hayatoshi kumruhusu polisi kuingia nyumbani mwa mtu mzima.

7. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kitu chenye madhara si lazima kiwe jinai, na kitu kinachoruhusiwa si lazima kiwe salama. Wanaotetea marufuku hukosea wanapodhani kwamba kuonyesha madhara kunatosha kuhalalisha jela; wanaotetea uhalalishaji hukosea wanapodhani kwamba leseni ya kuuza nje ni cheti cha usalama. Gharama ya kuchanganya maswali haya huangukia watu walewale: kijana anayefungwa kwa msokoto mmoja, familia yenye mgonjwa wa akili isiyopata ushauri, na mgonjwa mwenye maumivu ambaye mazao ya tiba ya shamba jirani husafirishwa kwenda ng'ambo. Tume ya India iliwasikiliza watu wapatao 1,200 kabla ya kutoa neno lake. Mabunge ya eneo hili yanapoandaa sheria mpya, yana wajibu wa kuanza na uchunguzi wa namna hiyo, kwa lugha ambayo mashahidi wake wataielewa.