Mistari ya Magari-Nyumba na Ufundi wa Kuibandua

Mistari ya ubavuni ni sehemu ya historia ya magari-nyumba ya Marekani. Kampuni ya Winnebago, iliyoanzishwa Forest City, Iowa, mwaka 1958, ilianza kuyatengeneza mwaka 1966, na herufi W iliyorefushwa kuwa mstari ikawa alama yake. Mstari wa rangi ukichakaa, hupigwa msasa na kupakwa upya.

Stika za vinaili zilibadilisha kazi hiyo. Msingi wake ni wa zamani: mwaka 1926 Waldo Semon wa BFGoodrich aligundua jinsi ya kulainisha plastiki ya PVC, yaani vinaili, na mwaka 1935 R. Stanton Avery akaanza kutengeneza lebo zinazojibandika zenyewe. Viwanda vya magari vilipata urembo wa haraka na nafuu. Hasara ilionekana baadaye: juani vinaili hupoteza vilainishi, husinyaa na kukatikakatika kama magamba ya samaki.

Ndipo ukahitajika ufundi wa kubandua. Stika hupashwa moto kwa kikaushio cha nywele mpaka gundi ilegee, ukingo huinuliwa kwa kikwaruzo cha plastiki, kisha huvutwa polepole. Wembe wa chuma uepukwe kabisa, maana huacha michirizi kwenye faibaglasi. Gundi iliyobaki hufutwa kwa spiriti. Kazi ngumu zaidi ni kivuli: sehemu iliyofunikwa haikupauka, hivyo mstari wa zamani huendelea kuonekana. Kung'arisha bodi nzima hupunguza tofauti hiyo. Bodi iliyopauka sana haina budi kupakwa rangi upya.