Torosha kwanza, mahari baadaye

Zamani Usukumani, binti akitoroka usiku, wazazi wake walijua wangoje nini: washenga wa kijana kupiga hodi. Kikao kilianza kwa faini ya kutorosha, ndipo mahari ikazungumzwa.

Chanzo mara nyingi kilikuwa zizi. Mahari huko ilihesabiwa kwa ng'ombe, na kijana hakuwa na ng'ombe wake mwenyewe. Alitegemea baba yake, au ng'ombe walioingia dada yake alipoolewa. Asiye na dada, au mwenye kaka wakubwa ambao hawajaoa, angengoja sana. Kutorosha kuliwabana wazee wa pande zote mbili wakae chini.

Wakwe nao hawakupokea ng'ombe kwa hesabu tu. Waliingia zizini wakawakagua mmoja mmoja: mtamba sawa, kilema hapana, aliyezeeka rudisha.

Hans Cory, aliyeitumikia serikali ya kikoloni kama mtaalamu wa mila, aliandika sheria za Wasukuma katika kitabu kilichotoka 1953. Kwa sheria hizo, ndoa isiyo na mahari ilitambulika, ila watoto walihesabiwa wa ukoo wa mama hadi baba awakomboe kwa ng'ombe.

Si kila aliyechukuliwa aliridhia. Katika mila ya chagulaga, vijana humzunguka binti atokapo ngomani au gulioni wakimshurutisha achague mmoja wao. Huko hiari ni jina tu.

Dhahabu ya Geita, iliyoanza kuchimbwa kwa kiwango kikubwa miaka ya 1930, ilimpa kijana fedha isiyopitia zizi la baba. Kwenye machimbo madogo, wengi huanza kuishi pamoja, mahari ikafuata baadaye au isifuate kabisa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliweka hiari mbele: ndoa haibatiliki kwa kukosa mahari. Hata hivyo iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikipinga kifungu hicho Mahakama Kuu akashinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo 2019.

Mwaka huohuo wa 2016, Sheria ya Elimu ilirekebishwa: kumwoa mwanafunzi au kumpa mimba ni kifungo cha miaka 30, na anayesaidia ndoa hiyo ana kosa pia. Kwa mwanafunzi aliyetoroshwa, basi, kikao cha faini hakimalizi kesi. Kinaweza kuwapeleka wazee wenyewe kizimbani.