Bima ya Vyombo

Mwulize mpangaji wa Kihesa, Iringa, au wa Ilomba, Mbeya, kama ana bima ya nyumba. Atakushangaa: nyumba si yake, bima aitoe wapi? Ana haki. Neno "nyumba" limemtoa nje ya mazungumzo kabla hajaulizia bei.

Mtaani tuna neno bora. Mpangaji akihama, anahamisha vyombo. Humo mna kitanda, godoro, jokofu, mtungi wa gesi, redio na sufuria. Mawakala wangesema "bima ya vyombo", kila mpangaji angejua ni yake. Leo ukitamka "bima" tu, wengi wanafikiria gari: ndogo ambayo ni ya lazima, na kubwa kwa mwenye uwezo.

Neno jingine linalokwaza ni "ada", yaani malipo ya bima. Sisi tumelelewa na mchango. Lugha yetu ina vitenzi vya mtu aliyepatwa: kufiwa, kuibiwa, kuunguliwa. Aliyefiwa hufunguliwa daftari la michango. Aliyeunguliwa huletewa unga na blanketi, na kwa baridi ya Juni ya Nyanda za Juu Kusini, blanketi si jambo dogo. Mchango unakumbukwa: uliyemchangia naye atakuja kwako. Ada haina kumbukumbu hiyo. Mwaka ukiisha salama, hairudi, ndiyo maana watu huona imeliwa.

Nauheshimu sana mchango, lakini una mpaka wake. Soko la Sido jijini Mbeya lilipoteketea mwaka 2017, waliounguliwa walikuwa wengi kwa mpigo, jirani na jirani. Nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi chini ya paa moja iko hivyo hivyo. Moto ukianzia kwenye jiko la mkaa la chumba cha mwisho, yule ambaye angekuchangia naye yuko uani, hana hata ndala. Ada inakupa haki ya kudai kwa mfuko uliochangiwa na watu walio mbali na moto wako.

Tena kuna "dhima", yaani wajibu wa kulipa hasara uliyomsababishia mwingine, neno ambalo wapangaji wachache huliulizia. Bima ya mwenye nyumba inamfidia mwenye nyumba, haigusi godoro lako. Na ikithibitika moto umetokana na uzembe wako, kampuni iliyomlipa inaweza kukugeukia wewe ikidai fedha zake. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito kuliko jokofu. Bima ya vyombo isiyotaja dhima yako kwa mwenye nyumba na kwa wapangaji wenzako ni nusu bima.

Uliza pia "thamani" ni ipi: ya kununua kipya, au ya sasa baada ya kutoa uchakavu? Televisheni ya miaka sita ikipigiwa hesabu ya uchakavu, halafu likakatwa fungu la hasara unalojibebea mwenyewe, kinachobaki kinaweza kuwa kidogo kuliko ada ulizolipa.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye godoro, ndoo na jiko la gesi, kwa maoni yangu, aweke akiba, na kompyuta yake asiiache chumbani ovyo. Lakini fundi cherehani wa Uyole anayelala chumba kimoja na mashine zake na vitambaa vya wateja, huyo akate bima. Kabla ya kwenda kwa wakala avipige picha vyombo vyake kimoja kimoja, na risiti azitunze kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine.